Mafuta, grisi au kilainishi kikavu: boliti ya bunduki yako inataka kipi?

Boliti ya bunduki ya nusu-otomatiki, kile kipande cha chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia humo, ina sehemu zinazotaka mafuta, nyingine zinazokaa vizuri zaidi na grisi, na nyingine ambazo ukizipaka chochote umeharibu. Ubishi mwingi kuhusu vilainishi unatokana na kusahau hilo. Huyu anasifia grisi kwa sababu yeye ana Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, yule anaiponda kwa sababu ana AR-15, bunduki nyepesi ya kisasa zaidi, na anapigia kwenye baridi kali, na wote wawili wanasema kweli kwa upande wao. Hapa nalinganisha makundi manne: mafuta ya kazi tatu, mafuta mepesi ya kawaida, grisi, na vilainishi vikavu. Kusafisha na kufunga boliti nimevichanganya humo humo, maana kilainishi kizuri kikipakwa juu ya masizi ni kazi bure, na kikipakwa kwenye boliti iliyofungwa vibaya ni hatari.

Jambo moja kabla ya chupa yoyote kufunguliwa: toa magazini kwanza, ndipo uvute boliti nyuma, uangalie chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukivuta boliti magazini ikiwa bado imo, unatoa risasi moja na boliti ikirudi inapakia nyingine. Risasi zenyewe zisiwepo kabisa kwenye meza ya kazi.

Uchafu gani, na unatoka kwa nini

Uchafu wa boliti ni wa aina mbili, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza ni masizi: mabaki ya baruti iliyoungua, yakichanganyika na mafuta ya zamani na kugandishwa na joto. Haya hulainishwa na viyeyusho vya jamii ya petroli. Hoppe's No. 9, ambayo imekuwa sokoni tangu 1903, ni ya kundi hili, na zipo nyingine nyingi zinazofanya kazi ileile. Paka, subiri dakika kumi na tano hivi, sugua kwa brashi ya nailoni, futa. Brashi ya meno iliyochoka inatosha kabisa.

Wa pili hauonekani, nao ni chumvi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki, kile kidonge cha kuwashia baruti kitakoni mwa risasi, zenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, ambayo huvuta unyevu wa hewa na kuanza kula chuma, pengine usiku huohuo. Petroli haiyeyushi chumvi. Unaweza kuosha boliti kwa kiyeyusho cha bei mbaya mpaka ing'ae, na kesho ukaikuta ina madoa ya kutu usoni. Chumvi huondolewa na maji, na ya moto ni bora kwa sababu chuma kikipata joto hukauka haraka. Osha, kausha, kisha paka mafuta papo hapo bila kwenda kunywa chai katikati. Ballistol, mafuta ya Kijerumani yaliyoanza 1904, ni njia ya kati: huchanganyika na maji yakawa kama maziwa, maji yakabeba chumvi na mafuta yakabaki juu ya chuma. Kama risasi zako ni za kisasa na fataki zake hazina chumvi, sehemu hii ipite tu.

Viyeyusho vyenye amonia viache kwa ajili ya mtutu. Kazi yake ni kuondoa shaba inayoachwa na risasi ndani ya mtutu, na boliti haina tatizo hilo.

Usafi uende mpaka wapi? Kwenye AR-15, gesi ya baruti huingia moja kwa moja ndani ya kibebeo, lile bomba zito linaloibeba boliti, kwa hiyo mkia wa boliti nyuma ya ringi za gesi, zile pete zinazozuia gesi isivuje, hupata ganda jeusi gumu. Kuna watu wanalikwangua kwa kisu mpaka chuma kionekane cheupe. Sioni sababu. Doa pale halizuii kitu. Muda huo ni heri uutumie chini ya kucha inayochomoa ganda la risasi, ambako vipande vidogo vya shaba hujibana pamoja na masizi hadi kucha ikashindwa kukamata ukingo wa ganda. Ukiwa na bunduki iliyoanza kuacha maganda ndani ya chemba, tazama hapo kabla ya kununua springi mpya. Sehemu nyingine za kusafisha kwa bidii ni uso wa boliti, pamoja na meno ya kufungia, yale yanayoibana boliti mahali pake risasi inapolipuka, na migongo yake.

Mafuta ya kazi tatu

Haya ndiyo yanayosafisha, kulainisha na kuzuia kutu kutoka chupa moja. Jeshi la Marekani lina kiwango chake kwa mafuta ya aina hii, MIL-PRF-63460, na chupa inayosema imekidhi kiwango hicho inakupa uhakika kuliko maneno ya tangazo.

Nguvu yake ni urahisi. Mtu mwenye chupa moja, kitambaa na brashi anaweza kuitunza boliti vizuri miaka na miaka. Udhaifu wake ni kwamba kila kazi kati ya zile tatu inafanywa vizuri kiasi, haifanywi vizuri kabisa. Kama kisafishaji ni dhaifu kuliko kiyeyusho halisi. Kama kilainishi kinakaa muda mfupi kuliko grisi. Kama kinga ya kutu kinashindwa na mafuta mazito ya kuhifadhia. Baadhi ya chapa huwa na chembe zinazotuama chini ya chupa, kwa hiyo usipoitikisa kwanza, umepaka nusu ya ulichonunua.

Kosa la kawaida hapa ni la mkono. Mtu anasafisha kwa mafuta haya, anafuta, anaona chuma kinang'aa, anafunga. Amebakiza utando mwembamba wa kuzuia kutu, lakini wa kulainisha hautoshi. Baada ya kufuta, paka tena upya kwa ajili ya kulainisha.

Mafuta mepesi ya kawaida

Kundi hili lina mafuta ya bunduki yasiyo na kisafishaji, mafuta ya cherehani, na pia mafuta ya injini ya sintetiki ambayo wapigaji wengi huyatumia bila kuona haya. Ya injini yametengenezwa kwa ajili ya chuma kinachosuguana na chuma kwenye joto, na boliti ni hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna ajabu yakifanya kazi. Ubaya wa mafuta yote mepesi ni kwamba hukimbia: yanatiririka kwenda chini, yanatupwa na mwendo wa boliti, yanakaushwa na joto. Uzuri wake ni kwamba kuyaongeza ni sekunde kumi. Kwenye AR-15 unadondosha tone katika matundu mawili ya kutolea gesi yaliyo ubavuni mwa kibebeo, bila kufungua chochote, na yanafika kwenye ringi.

Mafuta ya kupikia hapana. Ya mimea huungana na hewa yakageuka gundi, na gundi kwenye boliti haitofautiani na uchafu.

WD-40 inahitaji sentensi zake, kwa kuwa ipo katika kila nyumba. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Ukishaosha boliti kwa maji, inyunyizie itoe unyevu uliojificha. Lakini sehemu kubwa yake ni kiyeyusho kinachopaa, na utando unaobaki ni mwembamba mno kwa boliti inayofanya kazi. Itumie kukaushia, kisha weka mafuta halisi.

Grisi

Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na kitu cha kuyagandisha, mara nyingi sabuni ya chuma kama lithiamu. Yanakaa pale ulipoyaweka, na huo ndio uzuri wake wote na ubaya wake wote.

M1 Garand, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936, ndiyo mfano wa bunduki inayotaka grisi. Boliti yake hugeuzwa na fimbo nzito ya kuendeshea inayoteleza katika mfereji wazi, nje kabisa, mahali mvua inapofika. Mafuta mepesi yakisombwa na maji, chuma hubaki kikavu na boliti huwa ngumu kufunguka. Ndipo grisi ikawa sehemu ya maagizo ya matunzo ya bunduki hiyo. Mwenye Garand au mrithi wake M14 anayesisitiza mafuta matupu anapingana na bunduki yake.

Wapi hasa? Meno ya kufungia, mfereji wa fimbo, na kile kinundu cha boliti kinachokaa ndani ya fimbo. Kiasi cha punje ya mchele kwa kila mahali, ukisambaze kwa kidole hadi rangi ya chuma ionekane bado. Ikibaki lundo unaloliona, ni nyingi.

Uzito wa grisi hupangwa kwa namba za NLGI, taasisi ya grisi ya Marekani, kuanzia 000 iliyo kama uji mwepesi hadi 6 iliyo kama kipande cha sabuni. Ile ya kawaida ya beringi za magurudumu ni namba 2. Kwa boliti kwenye joto namba 2 inakwenda. Kwenye ubaridi, namba 0 au 1 ni salama zaidi, kwa sababu grisi nzito ikiganda hupunguza mwendo wa boliti hadi inashindwa kurudi mbele kikamilifu. Baridi ikiwa kali kweli, achana na grisi, tumia mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa baridi, tena kidogo. Na bunduki iliyotoka kwenye baridi ukiiingiza ndani ya nyumba yenye joto hutoa jasho. Futa maji hayo kabla hujaitoa nje tena yakageuka barafu.

Kwenye AR-15 grisi si lazima, ila kwenye pini ya kugeuzia boliti na kwenye njia zile nne ambazo kibebeo huteleza juu yake, kiasi kidogo hakina ubaya. Kwenye ringi za gesi usiweke; joto la pale litaigeuza kuwa masizi.

Vilainishi vikavu

Molibdeni, PTFE (plastiki ya kuteleza, ile ya vikaango), grafiti: unapuliza au unapaka, kimiminika kinapaa, unabaki na utando mkavu usioshika vumbi. Kwa maneno hayo tu mtu anaweza kudhani amepata suluhisho la jangwa. Tatizo ni mawili. Utando huo huchakaa na huwezi kuuona ukichakaa, tofauti na mafuta ambayo kidole kinakuambia kama yapo. Na hauzuii kutu kwa maana yoyote ya kutegemewa. Grafiti ina kasoro ya ziada kwenye AR-15: kasha lake ni aluminiamu, na grafiti ikikutana na aluminiamu na unyevu huanzisha kutu ya kiumeme.

Ninapoviona vina maana ni kwenye bunduki yenye nafasi kubwa kati ya vyuma vyake na kibebeo kizito, kama zile za jamii ya AK, zikitumika mahali pakavu penye mchanga. Hizo huvumilia ukavu ambao ungeisimamisha AR-15. Hata hivyo sehemu zinazoweza kushika kutu zipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta.

Vumbi: kavu au yenye mafuta?

Hapa ndipo mawazo ya wengi yanapokwenda kombo. Inaonekana ni akili kabisa kwamba penye vumbi upunguze mafuta, yasishike mchanga. Mwaka 2007 jeshi la Marekani lilizijaribu bunduki za aina kadhaa kwenye vumbi zito, kila aina ikipiga risasi 60,000, na zilipakwa mafuta mengi, kwa kuwa majaribio ya awali yalionyesha kwamba M4, bunduki fupi ya kijeshi ya jamii ya AR-15, iliyopakwa kidogo hukwama zaidi. Mafuta hushika vumbi, ni kweli, lakini pia hulibeba na kuliweka likiwa laini. Chuma kikavu chenye mchanga husagana tu. Kwa hiyo kwa AR-15 kwenye vumbi jibu langu ni mafuta ya kuonekana, na kufuta na kupaka upya mara kwa mara. Grisi kwenye vumbi hushindwa kwa sababu nyingine: haiongezwi juu ya ile ya zamani. Lazima uifute kwanza, na ukiwa porini hutafanya hivyo.

Historia ya M16, toleo la kijeshi la AR-15, kule Vietnam inafaa kukumbukwa hapa. Ilipelekwa vitani bila vifaa vya kusafishia vya kutosha, chemba yake haikuwa na kromu, na baruti ilikuwa imebadilishwa kwa aina iliyoacha uchafu zaidi. Ilikwama, wanajeshi wakafa, na mwaka 1967 kamati ndogo ya bunge la Marekani ikachunguza. Hakuna chupa ya mafuta ambayo ingelitatua lile.

Pale pasipotakiwa chochote

Sehemu tatu zibaki kavu, uwe umechagua nini.

Ya kwanza ni tundu la pini ya kugongea fataki. Katika bunduki nyingi za aina hii, AR-15, AK, Garand na nyingi za SKS, bunduki ya zamani ya Kisovieti, zikiwemo, pini hiyo huelea huru bila springi ya kuirudisha. Mafuta mazito au grisi ndani ya tundu hukusanya uchafu, na pini inaweza kunata ikiwa imejitokeza mbele. Boliti ikijifunga, risasi inaweza kulipuka bila kidole chako kugusa kifyatulio. SKS zilizotoka ghalani zikiwa zimejaa kosmolini, ile grisi ya kuhifadhia ya rangi ya kahawia, zinajulikana kwa hatari hiyo. Fungua boliti yake, ichemshe kwa maji au ioshe kwa kiyeyusho mpaka tundu liwe safi, kausha. Ukishafunga, itikise karibu na sikio: pini lazima isikike ikicheza mbele na nyuma. Ikiwa kimya, bunduki hiyo haijawa tayari.

Ya pili ni chemba na uso wa boliti. Risasi ikilipuka ganda hupanuka na kushika kuta za chemba, na mshiko huo hubeba sehemu ya nguvu. Kuta zikiwa na mafuta, ganda huteleza na kuisukuma boliti kwa nguvu kubwa kuliko ilivyokusudiwa.

Ya tatu ni pistoni na bomba la gesi kwenye bunduki zenye pistoni, ambazo gesi husukuma pistoni badala ya kuingia kwenye kibebeo. Mafuta yoyote humo yanaungua na kuwa masizi.

Kuifunga tena

Garand na AK zina mambo yake, lakini AR-15 ndiyo yenye nafasi nyingi za kukosea, kwa hiyo niikalie hiyo. Kabla ya kufunga, jaribu ringi: ingiza boliti ndani ya kibebeo, ivute mbele yote, kisha simamisha kibebeo mezani kikiegemea kichwa cha boliti. Kikishuka chenyewe kwa uzito wake, ringi tatu zimechoka. Kuhusu nafasi za ringi kutopangana mstari mmoja, maagizo yanasema zipishanishwe, nami nazipishanisha, ila sijaona bunduki iliyokataa kufanya kazi kwa sababu hiyo.

Kwa AR-15 ya kawaida inayotupa maganda kulia, kucha ya kuchomolea iwe upande wa kulia ufunguo wa gesi, kile kibomba kinachopokea gesi mgongoni mwa kibebeo, ukiwa juu. Kisha ingiza pini ya kugeuzia na uizungushe robo mzunguko, ndipo pini ya kugongea, mwisho ile pini ndogo ya kuizuia. Pini ya kugeuzia ndiyo ya kutazama mara mbili. Bila hiyo bunduki inaweza kupiga boliti ikiwa haijafunga meno yake, na kinachofuata ni bunduki kupasuka karibu na uso wako. Ile pini ndogo ya kuzuia ipite nyuma ya ukingo mpana wa pini ya kugongea. Hakikisha kwa kuinamisha kibebeo mkia ukiwa chini na kukigonga kiganjani. Pini ya kugongea ikidondoka, ya kuzuia imepita mahali pasipo pake. Usiitanue miguu yake kwa koleo, haikutengenezwa hivyo.

Nikilazimika kumshauri mtu asiyetaka kusoma yote haya: mwenye AR-15 anunue mafuta ya kazi tatu yenye kiwango, apake kwa wingi kwenye njia za kuteleza, pini ya kugeuzia na ringi. Mwenye Garand aongeze kopo dogo la grisi. Mwenye AK afanye lolote kati ya hayo kwa kiasi kidogo. Mwenye kuhifadhi kwa miezi mingi apake mafuta mazito kila mahali isipokuwa tundu la pini ya kugongea na sehemu za pistoni, na aandike karatasi aifunge kwenye kifyatulio kwamba imepakwa, kwa sababu bunduki iliyosimamishwa mtutu juu hushusha mafuta yake hadi kwenye kitako cha mbao na chemba hubaki na utando. Siku ya kuitoa, pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu, chemba na uso wa boliti kabla ya risasi ya kwanza.